Mwaka Ambao Viwavi Hawakwenda Likizo

Nianze kwa kukiri kwamba bustani siipendi. Nimezaliwa Mombasa, kwenye nyumba ambayo uani kwake ni saruji tupu, na mmea wetu pekee ulikuwa mrehani uliopandwa kwenye debe la samli lililotoboka. Dubai niliitiwa kupika. Mkataba ulisema kupika, nikatia sahihi kupika. Hapakuwa na kifungu hata kimoja kilichosema kwamba nitakuja kuchutama mchangani saa kumi na mbili asubuhi, leso nimeifunga kiunoni, nikitukanana na viwavi.

Shida ni kwamba Bibi hakuwa mtu wa kusoma mikataba. Bibi alikuwa mama yake Madam. Madam ndiye aliyeniajiri, na alikuwa na kazi kubwa ya ofisini kule Freezone ya uwanja wa ndege. Anatoka asubuhi simu iko sikioni, anarudi Magharibi simu iko sikio la pili. Mchana kutwa nyumba ilikuwa yangu na ya Bibi. Alizaliwa Unguja, akaja Dubai angali msichana, na miaka yote hiyo haikukitikisa Kiswahili chake hata kidogo. Siku ya kwanza nilimwita madam, kama wakala alivyonifundisha. Akanikatiza.

"Madam ni yule mwenye simu. Mie niite Bibi. Na huo wali wako, leo mchana n'takujua wewe nani."

Wali aliusifu. Uani ndiko tulikokosana.

Nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na mashine za viyoyozi, palikuwa na mwasumini. Kichaka chenyewe kimenifika kifuani, kimekaa vibaya vibaya, kimeegemea ukuta kama mtu anayesubiri basi. Lakini usije ukakigusa bila ruhusa. Kitawi chake cha kwanza kililetwa kutoka Unguja na shangazi yake Bibi, kimefungwa kitambaa kibichi, kikapita forodha ndani ya mkoba chini ya nguo za ndani ambazo hakuna ofisa mwenye adabu angezipekua. Macho ya Bibi yalikuwa yameshaingia ukungu, mtu akimwona kivuli tu, lakini kila jioni alikwenda pale kupapasa majani. Jani moja moja. Kama ni la manjano, alilijua kwa vidole.

Mwaka ninaousimulia, mjukuu wake, binti wa Madam, alikuwa anaolewa mwezi wa kwanza. Bibi alikuwa na jambo moja tu alilolitaka katika harusi ile: kumfungia mjukuu kikuba kwa mkono wake, kikuba cha asumini ya mti wake mwenyewe. Kwetu pwani mtu haelezwi kikuba ni nini, ila kwa ambaye hajabahatika: ni kifurushi kidogo cha maua na majani yanayonukia, asumini, mrehani, petali za waridi, kinafungwa kwa uzi na kubanwa kifuani au nyweleni. Bibi harusi asiye na kikuba, kwa mawazo ya Bibi, ni mtu aliyetoka nyumbani kabla ya kumaliza kuvaa.

"Mie sikuvaa," aliniambia, akikunja kidole kimoja. "Nilipoolewa, Dubai hii asumini hujui hata pa kuiulizia. Mamake hakuvaa. Kaolewa mwezi wa kwanza kama huyu, mti umelala kwa baridi, sikupata hata tumba moja. Huyu atavaa. Kabla macho hayajazimika kabisa, atavaa."

Sasa wapo wanaodhani Dubai haina baridi. Ipo, au ilikuwapo. Kuanzia Disemba usiku unaingia ubaridi wa kukufanya utafute sweta, askari wa getini wanavaa majaketi mpaka masikioni, na mwasumini, ambao ni mti wa joto, unalala doro hadi Machi. Na kwa kuwa hali ya hewa ndiyo nzuri wakati huo, kila mtu anaolewa wakati huo. Kwa hiyo harusi na asumini hazikutani. Hicho ndicho kilichomtesa Bibi miaka yote: mti anao, harusi anazo, na haviji pamoja.

Mwaka ule baridi haikuja. Disemba ikaingia, sweta langu liko sandukuni. Madam ana desturi ya kuipeleka familia Hatta kila mwaka, kule milimani karibu na Omani, waote moto na kunywa chai ya maziwa na kujifanya wako Ulaya. Tulikwenda. Majaketi yalibaki kwenye buti la gari, moto tuliuwasha kwa heshima tu, na kila mtu akakaa mbali nao akijipepea. Tuliporudi, Bibi akaenda uani kupapasa majani kama kawaida yake. Nikasikia vigelegele. Nikatoka mbio na mwiko mkononi nikidhani kaanguka.

"Njoo ushike! Njoo ushike hapa!" ananiambia. "Ni tumba hili au macho ya vidole vyangu nayo yameharibika?"

Lilikuwa tumba. Yalikuwa matumba, mengi, madogo meupe-kijani yamechongoka, mwezi wa kumi na mbili, mti umesahau kulala. Bibi alipiga vigelegele tena, safari hii ili ukuta wa jirani nao usikie. Mimi mwenyewe, nisiyependa bustani, nilijikuta nacheka peke yangu jikoni.

Furaha ile ilidumu siku nne. Siku ya tano nilitumwa kumletea tumba moja alinuse. Nikalichuma, nikaona kitundu, kidogo kama cha sindano. Nikalipasua. Ndani yake amelala kiwavi wa kijani, mwembamba kama uzi, ameshiba, amenawiri, ametulia kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima. Nikapiga ukelele. Nikapasua la pili: mpangaji. La tatu: mpangaji. Nikageuza jani, inzi weupe wakaruka kama unga wa ngano uliopulizwa. Vikonyoni, wadudu wale wa utandoutando, wamejipanga foleni.

Nilimwambia Bibi. Akasema jambo ambalo sijalisahau, kwa sababu alilisema kama mtu anayemsema mfanyakazi wake wa zamani aliyeacha kazi.

"Baridi ndiyo iliyokuwa ikinisaidia. Kila mwaka inawalaza hawa miezi miwili, mitatu. Hawatagi, hawali, wengine wanakufa. Wakija kuamka, mti umeshapata nguvu. Mwaka huu nani kawalaza? Wamezaa toka kiangazi mpaka leo hawajapumzika."

Yaani joto lile lile lililotupa matumba ndilo lililotupa na walaji wake. Nilikasirika, wallahi. Mimi likizo yangu ni mwezi mmoja kila miaka miwili, naiomba kwa barua. Na hawa likizo wanapewa na Mungu kila mwaka, mwaka huu wamekataa kwenda.

Madam alipoambiwa hakuinua hata macho. "Khalas, naita kampuni ya dawa, kesho watapuliza." Bibi akapiga fimbo sakafuni. Kikuba kinakaa kifuani, alisema, chini ya pua, mtoto atakivuta usiku kucha. Atie sumu kwenye kifua cha mjukuu wake? Dawa ya dukani haitapita getini. Madam akasema, basi Mama, tutanunua maua mengine, hoteli imejaa maua. Bibi alimpa mgongo. Aligeuka kwangu.

"Wewe ni mtu wa pwani. Huna akili ya nyumbani?"

Kwa hiyo jambo likawa langu. Nilianza na maji ya sabuni, inzi weupe wakapungua, viwavi wakaoga. Nikasaga kitunguu saumu na pilipili mbuzi, nikachuja, nikapuliza mti mzima kwa chupa ya kunyooshea nguo. Nilijiona mtaalamu. Jioni Bibi akaenda kupapasa, akasimama hatua tatu kutoka mtini, pua juu.

"Mwanangu," akaniuliza taratibu, "unampamba bibi harusi au unaroweka mshikaki?"

Nikauosha mti kwa maji safi mara mbili.

Mtu aliyekuwa akiyaona haya yote ni askari wa jengo la jirani. Mganda, kijana mrefu mwenye adabu, kiti chake cha plastiki kikitazama moja kwa moja uani kwetu kupitia uzio. Kwao wana mashamba, na alikuwa na subira ya mtu aliyekulia shambani.

"Mama," aliniambia asubuhi moja, "hii kitu ni ya mkono. Unaamka mapema, unakamata, unaua. Kila siku. Hakuna njia ingine."

"Nikamate viwavi kwa mkono? Mimi?"

"Kwani mkono yako imefanya nini, imeolewa?"

Nilimtolea macho. Kesho yake saa kumi na mbili nikawa mtini, nimevaa glavu za kuoshea vyombo. Siku ya tatu glavu nikazitupa, maana zilikuwa nene, kiwavi ananiponyoka. Siku ya sita nilikuwa nawabinya kwa kucha bila kukunja uso, huku nawasema vizuri: wewe na ukoo wako wote, mnajua harusi ni lini? Mjukuu mwenyewe, bibi harusi wetu, chumba chake kilikuwa juu ya uani. Alikuwa msichana wa masomo mengi na Kiswahili kichache, na kikuba alikuwa amekikubali bila kuinua uso kwenye simu: "Bibi anataka, sawa." Asubuhi nyingine alifungua dirisha, nywele zimesimama kwa usingizi, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:

"Dada, unapigana na nani?"

"Na wageni wako wa harusi!"

Akafunga dirisha akicheka. Tuliendelea hivyo wiki mbili na zaidi, na ukweli ni kwamba tulikuwa tunashinda. Matumba yakabaki mengi. Bibi akawa anayapapasa kila jioni na kuyahesabu hadi thelathini, arubaini, kisha anarudi ndani akiimba chini chini.

Na hapa ndipo nilipoharibu.

Zilibaki siku tatu. Ilikuwa Jumanne, harusi ni Ijumaa. Nilikuwa na mchele wa wageni wa kuchagua, sambusa mia mbili za kukunja, mgongo unaniuma, na asubuhi ile niliwakuta viwavi wapya kwenye matawi ya juu, wadogo, wengi, kama vile jana sikufanya kazi. Hasira zangu ziko puani siku zote. Siku ile zilitoka kabisa. Nikasema, sikilizeni, mimi ni mtoto wa Mombasa, na kwetu kila kitu tunakifukiza. Nguo tunazifukiza, nywele tunazifukiza, mzazi anafukizwa, mtungi wa maji unafukizwa. Chumba kikifukizwa ubani, hata mbu anaomba radhi anaondoka. Kwa nini mti usifukizwe?

Sikuona kasoro yoyote katika mawazo hayo. Hadi leo nikiyarudia kichwani nayaona yana mantiki.

Bibi alikuwa amepelekwa kliniki ya macho na dereva. Nikawasha makaa, nikayatia kwenye chetezo kikubwa, nikamwaga ubani na majani makavu ya mwarobaini. Nikakisukuma chetezo chini ya mti, kisha nikaufunika mti kwa leso mbili na shuka moja, nikazibana kwa vibanio vya nguo, kama unavyomfunika mtu anayefukizwa mafua. Moshi ukaanza kutoka juu kwenye upenyo. Nikauambia mti, vumilia dakika tano tu. Nikaingia ndani kugeuza sambusa.

Simu ikalia. Ni dada yangu, Mombasa, ana habari za talaka ya jirani yetu, na ni talaka ambayo ilikuwa imesubiriwa na mtaa mzima. Ungekuwa wewe ungekata?

Kilichonitoa jikoni ni sauti ya yule askari. "Mama! Mama! Inaungua!" Nilipofika alikuwa ameshapanda uzio na ndoo ya mchanga ya jengo lake. Leso moja ilikuwa na tundu la kupita kichwa, kingo zake nyekundu. Shuka limeshikana na matawi. Tukamwaga mchanga, tukamwaga maji, tukafunua.

Upande wote wa mbele na juu ulikuwa umekauka, majani yamejikunja, na matumba yamekuwa ya kahawia kama karafuu. Nilishika moja likavunjika. Viwavi, nikiri, walikuwa wamekufa pia.

Askari aliutazama mti, akanitazama mimi, akavua kofia. Nilikaa chini kwenye mchanga mbichi nikalia kama mtoto, maana nilikuwa namwona Bibi akikunja vidole vyake, mie sikuvaa, mamake hakuvaa.

Bibi aliporudi alisimama mlangoni. "Mbona kunanuka ubani?"

"Nimefukiza nyumba, Bibi. Kwa ajili ya wageni."

"Ahsante. Na mti?"

"Mti mzima, alhamdulillahi," nikasema. Daktari alikuwa amemtia dawa ya macho na kumkataza kutoka nje kwenye mwanga na upepo siku mbili. Siku mbili hizo zilikuwa bahati yangu, na nilizitumia vibaya.

Alhamisi nilikwenda Bur Dubai, kwenye kile kichochoro cha Wahindi wanaotunga maua kwa uzi siku nzima. Asumini ilikuwapo kwa wingi, imekuja kwa ndege, nyeupe safi, hakuna tundu hata moja. Nikanunua, nikaificha kwenye friji nyuma ya mtindi. Alasiri nikachukua matumba kumi, nikayafunga na mrehani wa dirishani, nikampelekea Bibi kitandani. Nikasema, nimekufungia cha kujaribia, unuse kama kimekaa sawa.

Alikichukua kwa vidole viwili. Akakileta puani. Akakaa nacho hapo muda mrefu kiasi kwamba nikaanza kusikia saa ya ukutani.

"Haya yamelala kwenye friji," akasema. "Hayana nyumbani. Mti wangu umefanya nini?"

Nilimwambia yote. Nilimwambia chetezo, leso, sambusa, simu, hata talaka ya jirani nilimwambia, maana ulimi ukishafunguka haujui pa kusimama. Nilitarajia fimbo. Nilitarajia niambiwe nifunge virago, na ningevifunga bila kunung'unika. Bibi aliniuliza tu.

"Umeufukiza? Mti?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa ubani?"

"Na mwarobaini."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikainama kumshika, kumbe anacheka, anacheka mpaka dawa ya macho inamtiririka mashavuni. "Shangazi yangu," akasema akihema, "aliwahi kumfukiza kuku." Kisha kicheko kikakatika ghafla, uso ukamwanguka, na akalia kweli. Hapo sikujua nifanye nini. Nikamshika mkono tu.

"N'peleke," akasema.

Nikamwambia daktari kakataza. Akaniuliza kama daktari naye anaolewa. Nikamfunga mtandio mzito usoni, nikampeleka uani. Alipapasa upande wa mbele, majani yakavunjika mkononi mwake, kris, kris, nikatamani ardhi inimeze. Hakusimama. Akapiga magoti, yeye na umri ule, akaingiza mkono chini kabisa, nyuma, ule upande unaolala ukutani, mahali ambapo leso zangu hazikufika na macho yangu hayajawahi kufika. Wiki zote zile nilikuwa nikichuma viwavi kwa macho. Huko nyuma hakuonekani, kunapapaswa tu.

"Moja," akasema. Baada ya kitambo, "Mbili." Alifika tisa.

Tukayalinda moja baada ya jingine kama askari wa benki. Askari wetu halisi naye akaleta kiti chake karibu na uzio. Hata hivyo Ijumaa alasiri, tulipochuma, matatu yalikuwa yameshaliwa moyo, kwa hiyo yalibaki sita. Bibi alikifunga kikuba mwenyewe, kwa uzi mwekundu, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Kilikuwa kikuba kidogo kuliko vyote nilivyopata kuona.

Ukumbi wa hoteli ulikuwa na maua ya Uholanzi kutoka darini hadi chini, makubwa kama sahani. Bibi aliingia mkono wake umo kwapani mwangu, akavuta pumzi, akasimama.

"Maua haya yamekufa?"

"Yako hai, Bibi."

"Mbona hayanuki?"

Nilimpeleka chumba cha kumpambia bibi harusi. Mjukuu alikaa mbele ya kioo, gauni jeupe limetoka Beirut na limejaza nusu ya chumba, mpambaji anamalizia nyusi. Madam alikuwa pale, amesimama wima, simu mkononi. Bibi akafungua kitambaa chake, akatoa kikuba.

"Mama, hapana," Madam akasema. "Tafadhali. Gauni litaingia doa. Na kwa nini hasa? Nimeyaona hayo maua asubuhi kwenye friji, nyuma ya mtindi. Ni ya kununua. Ya Bur Dubai."

"Hayo si haya," nikasema. "Wallahi, Madam, haya ni ya—"

"Wewe nyamaza."

Nikanyamaza, kwa sababu mimi ndiye niliyeyatia kwenye friji. Bibi alibaki amenyoosha mkono, kikuba kikiwa kiganjani. Mjukuu akageuka kwenye kiti.

"Ya dukani, Bibi?"

Nilimwona Bibi akikunja kiganja, anataka kukirudisha kikuba kwenye kitambaa. Na joto la mkono wake, na saa yenyewe ya jioni, zikafanya kazi yake: tumba moja likafunguka pale pale, kama asumini inavyofunguka, na katikati ya petali akatokeza kichwa, wa kijani, mwembamba kama uzi, akitazama kushoto na kulia.

Mpambaji akapiga ukelele, akaruka nyuma na brashi yake. Madam akasema "Ya Allah!" Mimi nilitaka kufa. Sita tuliyoyapapasa, tukayageuza, tukayanusa, na bado mmoja katupita.

Bibi harusi hakupiga kelele. Aliinama, kucha zake zote zina vito, akamtazama yule mdudu kwa karibu kabisa. Kisha akanitazama mimi.

"Dada. Huyu ndiye yule wa asubuhi? Unayemtukana?"

"Ndiye," nikasema. "Huyo huyo na ukoo wake."

Akaanza kucheka. Akamgeukia mamake. "Mama, ya duka yanapigwa dawa. Hayana mtu ndani. Haya ya Bibi." Akamchukua kiwavi kwa kidole, akanikabidhi kiganjani kwa heshima zote, kisha akanyoosha shingo mbele ya Bibi. "Nifunge."

Bibi akakibana kikuba kwenye gauni la Beirut, kwa kupapasa, na pini haikukosea. Harufu ikapanda. Mpambaji mwenyewe akasogea tena karibu.

Madam hakuondoka pale aliposimama. Simu ililia, akaizima bila kuitazama.

"Na mimi nilikuwa nakitaka, Mama," akasema. Sauti haikuwa yake ya ofisini. "Siku ile yangu."

Bibi akageuza uso kule ilikotoka sauti. "Uliniambia mambo ya kizamani. Uliniambia hata nisihangaike."

"Nilikukuta umekaa chini ya mti unalia. Ningekuambia nini?"

Bibi akarudisha mkono kifuani mwa mjukuu, akaulegeza uzi wa kikuba, akachomoa tumba moja. Akapapasa hewani mpaka akaupata uso wa mwanawe, akapita shavu, akapita sikio, akalipachika nyweleni, na mkono wake ukabaki pale. Bibi harusi alibakiwa na matano.

Mimi nilitoka nje kwa kisingizio cha kwenda kumtupa kiwavi. Nililia kidogo kwenye korido, nikajifuta kwa mtandio. Halafu nikaenda ukumbini, nikachagua ua la Uholanzi lililokuwa kubwa kuliko yote, nikamweka kiwavi katikati yake.